Dhahabu ya Kilwa Katika Maonyesho ya Lisbon

Mtoto yeyote aliyekaa darasani katika nchi yetu amefundishwa kwamba Kilwa ilikuwa dola yenye nguvu katika pwani ya Afrika Mashariki, kwamba masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe, na kwamba utajiri wao ulitokana na biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala. Amefundishwa pia kwamba Wareno walifika, wakaupora mji, na fahari yake ikafifia. Lakini si wengi waliopata kuambiwa dhahabu hiyo ilikwenda wapi baada ya kupakiwa merikebuni. Sehemu yake, ndugu msomaji, ingalipo hadi leo. Imesimama ndani ya kabati la kioo katika mji wa Lisbon, na jina la Kilwa limeandikwa juu yake.

Niliiona mwezi Machi 2017, katika safari ya siku moja iliyokuwa na nia nyingine. Siku zile jumba la makumbusho ya sanaa za kale la taifa la Ureno, ambalo wenyewe huliita Museu Nacional de Arte Antiga, lilikuwa na maonyesho yaliyohusu mji wa Lisbon wakati wa Renesansi. Maana ya neno hilo ni kuzaliwa upya. Ni jina la zama, tangu karne ya 14 hadi ya 16 hivi, ambapo wasanii na wanazuoni wa Ulaya, wakianzia Italia, waliyarudia maarifa ya Wayunani na Warumi wa kale. Walijifunza kuchora mwili wa binadamu kama ulivyo, na kuonyesha juu ya ubao bapa umbali na kina cha vitu kama jicho linavyoviona. Tumezoea kusikia zama hizo zikitajwa kwa majina ya Leonardo, Michelangelo na Raphael. Maonyesho ya Lisbon yaliuliza maswali mengine: ni akina nani waliokuwa wakipita barabarani wakati picha hizo zikichorwa, na mali iliyozilipia ilitoka wapi?

ASUBUHI YA ALFAMA

Wakati huo nilikuwa Coimbra, mji wa chuo kikuu ulio kaskazini ya Lisbon kwa takriban kilometa 200, kwa mafunzo ya miezi michache. Mwenzangu katika safari alikuwa kijana wa Msumbiji, Mmwani wa pwani ya Cabo Delgado, ambaye Kireno alikisoma shuleni na Kimwani alikinyonya pamoja na maziwa ya mama. Kimwani na Kiswahili ni ndugu wa karibu, hata tukawa tunazungumza kila mtu kwa lugha yake, naye akiniita kaka kwa kuwa nilimzidi umri. Tulipanda treni ya asubuhi tukiwa na mikate na mayai ya kuchemsha katika mfuko, na baada ya mwendo wa saa mbili hivi tukateremka katika stesheni ya Santa Apolónia, ukingoni mwa mto Tagus, ambao mahali hapo ni mpana kama mkono wa bahari.

Juu ya stesheni hiyo kuna mtaa wa kale uitwao Alfama. Jina lake lina asili ya Kiarabu, maana Waislamu waliutawala mji wa Lisbon kwa zaidi ya karne nne hadi mwaka 1147. Vichochoro vyake ni vyembamba, vyenye ngazi za mawe na kamba za kuanikia nguo zilizovuka kutoka dirisha hadi dirisha. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja au vichochoro vya Lamu hawezi kujiona mgeni kabisa mahali hapo. Hata maneno mengine humfikia sikioni kama jamaa waliopotea zamani: meza huitwa mesa, bendera huitwa bandeira, na kanisa huitwa igreja. Neno hilo la mwisho ndilo lililotupa sisi neno gereza, ambalo kwa watu wa Kilwa ni jina la ngome iliyo ufukoni.

Mwendo wa dakika chache kutoka stesheni tulisimama mbele ya chemchemi ya kale, Chafariz d'El-Rei, yaani Chemchemi ya Mfalme. Ukuta unaoonekana sasa si ule wa zamani, lakini mahali ni pale pale. Katika karne ya 16 hapa ndipo watu wa mtaa na mabaharia walipoteka maji, na waliobeba mitungi wengi wao walikuwa Waafrika. Hesabu ya mwaka 1551 ilitaja watumwa 9,950 katika mji wenye wakazi wapatao 100,000. Wengi wao waliletwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Ugomvi wa foleni ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wakuu wa mji walitoa amri ya kugawa midomo ya maji: huu wa wanaume weusi, huu wa wanaume weupe, huu wa wanawake weusi, huu wa wanawake weupe. Mwenzangu alisoma habari hiyo, akatikisa kichwa, akasema, "Kaka, hata kiu waliipangia rangi."

Kutoka hapo tulitembea hadi uwanja mkubwa wa Terreiro do Paço ulioko mtoni. Hapa ndipo lilipokuwa jumba la wafalme, na nyuma yake barabara tajiri kupita zote, Rua Nova dos Mercadores, yaani Barabara Mpya ya Wafanyabiashara. Vyote viwili havipo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji, yakafuata mafuriko kutoka baharini na moto uliowaka kwa siku kadhaa. Lisbon iliyojengwa kwa viungo vya India na dhahabu ya Afrika ilikwisha kwa siku chache. Ndiyo maana picha chache zilizosalia za mji ule zina thamani kubwa.

MJI ULIOSALIA KATIKA PICHA

Tulipanda tramu iendayo Belém, tukateremka chini ya kilima, na kupanda ngazi ndefu hadi kwenye jumba lenyewe. Zamani lilikuwa kasri la makabaila, na limekuwa makumbusho tangu mwaka 1884.

Kiini cha maonyesho kilikuwa picha mbili za Rua Nova. Hapo kwanza zilikuwa picha moja ndefu, ikakatwa vipande viwili. Kwa miaka mingi zilitundikwa Kelmscott Manor, nyumba ya mashambani huko Uingereza, bila mtu kujua ni mji gani uliochorwa, hadi mwaka 2009 watafiti wawili, Annemarie Jordan Gschwend na Kate Lowe, walipoutambua kuwa ni Lisbon. Ndani yake unaona majumba marefu yenye safu ya nguzo, uzio wa chuma, na umati wa wanunuzi, wachuuzi na wapita njia. Weusi na weupe wamechanganyika barabarani, kila mtu na shughuli yake.

Picha nyingine ilionyesha ile chemchemi tuliyotoka kuiona asubuhi. Mchoraji wake hajulikani kwa jina. Inadhaniwa alitoka nchi za Flandria, na picha yenyewe hukadiriwa kuwa ya miaka ya 1570 hadi 1580. Msomaji angependa kusimama mbele yake kwa muda mrefu. Wapo Waafrika waliojitwika mitungi kichwani. Yupo anayekamatwa na askari. Wapo walio mashuani mtoni. Na mbele kabisa yupo Mwafrika aliyepanda farasi, amevaa joho lenye msalaba mwekundu wa Shirika la Santiago, heshima ambayo haikutolewa kwa kila mtu. Wataalamu wengine wamedhani kwamba huyo ni João de Sá Panasco, aliyeanza kama mchekeshaji wa mfalme akapanda hadi kupewa ushujaa wa shirika hilo.

Ni haki kusema kwamba mwaka ule ule wa 2017 wapo wanahistoria Wareno waliotilia shaka umri wa picha hizi, na magazeti ya huko yaliandika sana juu ya jambo hilo. Lakini kuwapo kwa Waafrika katika mji ule hakutegemei picha. Kumeandikwa katika hesabu, katika amri za mji, na katika vitabu vya makanisa.

Katika vyumba vya kudumu vya jumba hilo tuliona kazi ambazo peke yake zingetosha kumtoa mtu Coimbra. Ipo picha ya Mtakatifu Jerome iliyochorwa na Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1521: mzee mwenye ndevu nyeupe ameegemeza kichwa mkononi, na kidole cha mkono wa pili kinagusa fuvu la kichwa, kana kwamba anatukumbusha mwisho wetu. Dürer aliichora Antwerp, akampa ofisa wa Kireno aliyesimamia biashara ya mfalme wake katika mji huo. Na katika ziara ile ile alimchora kwa kalamu ya fedha mwanamke Mwafrika mwenye umri wa miaka 20, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya wakala wa mfalme wa Ureno. Mchoro huo uko Florence. Dürer aliandika juu yake jina ambalo mwanamke huyo alipewa huko, Katharina, na umri wake. Jina aliloitwa na wazazi wake halikuandikwa popote.

Adhuhuri tulikula mikate yetu katika bustani ya jumba, tukitazama winchi za bandari na meli zilizotia nanga. Mwenzangu ndiye aliyependekeza tuzitazame sanaa za masonara kabla ya kurudi stesheni.

CHOMBO CHA MFALME MANUEL

Wakristo Wakatoliki wanaijua monstransi, chombo ambacho padri huonyeshea Ekaristi mbele ya waumini. Monstransi ya Belém ina kimo cha sentimeta 73, nayo ni ya dhahabu, iliyopambwa kwa nakshi za kioo cha rangi kilichoyeyushwa juu yake. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa kuwekea Ekaristi, na kila mmoja ana sura yake na mikunjo ya joho lake. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Juu zaidi nguzo na vipaa vyembamba kama miiba ya samaki vinamfunika Mungu Baba. Kwenye shina kuna matufe ya pete, mfano wa chombo cha wanafalaki, ambayo yalikuwa nembo ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Chini kwenye kitako kuna maua, ndege na konokono. Mtindo wa jengo lake bado ni wa zama za kati, lakini nyuso za wale mitume ni za watu halisi, na hapo ndipo unapoiona Renesansi ikibisha hodi.

Nilikuwa nimeanza kuondoka mwenzangu aliponishika mkono. "Kaka, rudi usome hapa chini."

Maandishi yamezunguka kitako. Yanasema kwamba mfalme aliyetukuka, Dom Manuel, aliamuru chombo kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506. Kilwa imeandikwa kwa tahajia ya Kireno ya zamani, lakini mtu wa pwani hawezi kukosa kuitambua. Neno la Kireno lililotumiwa kwa kodi si lile la ushuru wa soko. Ni neno la mali anayotoa mtawala mnyonge kumpa mtawala mwenye nguvu ili aachwe salama.

Historia ya kodi hiyo ni fupi na inajulikana. Julai 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili kwenda India, alitia nanga Kilwa na kundi la merikebu zenye mizinga. Aliyetawala mji wakati huo ni Amiri Ibrahim. Alitakiwa akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu, la sivyo mji wake ungeangamizwa. Alilipa. Mwaka 1503 Vasco da Gama aliifikisha dhahabu ile Lisbon, na mfalme akamkabidhi sonara Gil Vicente aifanyie kazi. Kilwa haikupata usalama ulionunuliwa. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na kundi jingine la merikebu, akateremsha askari, mji ukaporwa, Amiri Ibrahim akakimbia, na Wareno wakajenga ngome. Basi wakati sonara akizichonga nyuso za mitume mjini Lisbon, askari wa mfalme yule yule walikuwa wakivunja milango ya Kilwa. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome hiyo na kwenda zao.

Nyuma ya kodi hiyo iko kazi ya watu wengi zaidi. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za Zimbabwe, ikabebwa na wachukuzi hadi Sofala, ikapakiwa vyomboni na mabaharia waliosafiri kwa kufuata pepo za msimu hadi Kilwa. Mfalme ameandikwa juu ya chombo. Sonara amehifadhiwa katika vitabu. Mchimbaji, mchukuzi na baharia hawakuandikwa popote, ingawa jasho lao ndilo linalong'aa mbele ya macho ya wageni kila siku.

SWALI LA MTOTO

Tukiwa bado hapo, mwalimu mmoja alileta kundi la watoto wa shule, wenye umri wa miaka tisa au kumi. Aliwaeleza habari za Mfalme Manuel na za Vasco da Gama, kisha msichana mmoja akauliza Kilwa iko wapi. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba iko Afrika. Mwenzangu akaomba ruhusa ya kuongeza maneno mawili, na mwalimu akampa kwa furaha.

Aliwaambia kwamba Kilwa ni kisiwa, kwamba kina msikiti wa mawe wenye kuba ambao ulikuwapo kabla Mfalme Manuel hajazaliwa, kwamba msafiri mkuu Ibn Battuta aliuona mji huo mwaka 1331 akausifu kwa uzuri, na kwamba kasri la sultani lilikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane. Watoto walisikiliza kimya. Kisha msichana yule akauliza swali jingine: je, watu wa huko wanajua kwamba dhahabu yao iko hapa?

Mwenzangu alinitafsiria, akasema, "Swali hili ni lako, kaka." Nilimjibu mtoto kwamba wengi hawajui. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Katika treni ya jioni tulibishana hadi Coimbra. Mwenzangu alishikilia kwamba chombo kirudi. "Mwizi akikiri kwa maandishi," alisema, "bado hajarudisha mali." Nilimkumbusha kwamba dhahabu ile ni ya Sofala na ya Zimbabwe pia, na kwamba kwa Wakatoliki chombo chenyewe kimekuwa kitu cha ibada kwa zaidi ya miaka 500. Alinijibu kwamba hayo ni mambo ya kuzungumza mezani baada ya mwenye mali kualikwa mezani. Sikuwa na hoja ya kumshinda, na hadi leo naona neno lake lina uzito.

Hata hivyo, kabla ya mazungumzo ya serikali na serikali, lipo ambalo kila familia inaliweza. Kilwa Masoko iko kusini ya Dar es Salaam kwa mwendo wa kilometa 300 hivi, na kutoka hapo ni kuvuka kwa chombo tu kufika Kisiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014. Kwa asiye na nauli ya kwenda Kilwa, Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yana vyombo na vitu vilivyochimbuliwa huko. Siku ya Jumapili baada ya chakula, baba na mama wanaweza kuwachukua watoto wakavitazama.

Na mtoto atakapoona vigae na sarafu za shaba, akauliza kwa nini mji uliosifiwa kwa dhahabu hauna dhahabu ya kuonyesha, mzazi asibabaike. Amwambie kwamba sehemu yake iko Lisbon, ina kimo cha sentimeta 73, ilikamilika mwaka 1506, na wenyewe walioichukua wameandika chini yake ilitoka wapi.